Na wengine ni wangapi? Hisabati katika tamthilia za upelelezi

Binti mmoja wa kidato cha tatu alinisubiri nje ya chumba cha walimu siku ya Ijumaa, daftari mkononi. Alikuwa amejaziwa tamthilia nzima kwenye flashi na duka moja la filamu pale Mwembe Tayari. Usiku uliotangulia alimtazama profesa wa hisabati akijaza ubao kwa chaki, kisha polisi wakarukia magari kwenda kumkamata mtu. Ndani ya daftari alikuwa ameinakili ile fomula. Kazi hiyo ilimchukua muda, maana ilibidi aisimamishe picha kila kamera ilipousogelea ubao, na alama mbili tatu ambazo hazikusomeka aliziachia nafasi wazi. "Mwalimu," akaniuliza, "hii ni kweli, au wameiweka tu ipendeze?"

Nimefundisha hisabati hapa Mombasa miaka mingi na sikumbuki mwanafunzi mwingine aliyenakili fomula bila kuamrishwa. Nikamjibu kwamba fomula ni ya kweli, ila yanayofuata baada yake kwenye skrini ndiyo ya kutiliwa shaka. Aliniangalia kama mtu aliyepewa nusu ya chenji yake. Alikuwa na haki, na haya hapa ndiyo maelezo yaliyobaki.

Tamthilia yenyewe inaitwa Numb3rs, ile 3 ikiwa imekaa mahali pa herufi e. Ilionyeshwa na kituo cha CBS cha Marekani kuanzia Januari 2005 hadi Machi 2010, vipindi 118 kwa jumla. Don Eppes ni afisa wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, mjini Los Angeles, na mdogo wake Charlie ni mwanahisabati wa chuo kikuu. Kila kipindi kaka analeta kesi iliyomshinda, na mdogo mtu anaikabili kwa hesabu. Watunzi wake, Nicolas Falacci na Cheryl Heuton, walimtafuta Gary Lorden, profesa wa hisabati wa chuo cha Caltech, awe mshauri wao ili kinachoandikwa ubaoni kiwe na maana. Ndiyo sababu fomula ya yule binti, ukizijaza nafasi alizoziacha, inasimama yenyewe.

Wengi wanaozikosoa tamthilia za aina hii huishambulia hisabati, wakidhani ni mapambo. Mara nyingi hawako sahihi. Hesabu ni sahihi ila imebebeshwa mzigo usio wake. Inachoweza kufanya ni kupunguza idadi ya wanaoshukiwa, lakini kwenye skrini inafanywa itaje jina la mtu. Baina ya mambo hayo mawili lipo swali moja ambalo mwanahisabati hana ruhusa ya kuliruka: wengine wanaolingana na hesabu hii ni wangapi?

Chembe za nazi mkekani

Fomula ya kipindi cha kwanza ni ya Kim Rossmo, ambaye kabla ya kuwa msomi alikuwa polisi mjini Vancouver, Kanada, akipiga doria mitaani kama askari yeyote. Tasnifu yake ya uzamifu aliikamilisha katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser mwaka 1995. Alichokitaka ni kuzichukua sehemu ambapo mhalifu mmoja ameshambulia mara kadhaa, na kutokana nazo kukisia anakotokea.

Charlie anaieleza fikra hiyo kwa mfano wa kinyunyizio cha maji bustanini. Tone lijalo huwezi kulitabiri, ila ukiyatazama matone yote yaliyokwisha kuanguka unaweza kukisia kinyunyizio kiko wapi. Ni mfano mzuri. Kwetu upo mzuri zaidi, tena unaonyesha jambo ambalo kinyunyizio hakilionyeshi.

Mama ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, bakuli liko mkekani chini ya meno ya mbuzi. Akimaliza anaondoa mbuzi, anachukua bakuli, anakwenda zake jikoni. Ingia sasa uutazame mkeka. Chembe nyeupe zimetapakaa, nyingi karibu, chache kadiri unavyokwenda mbali, moja moja hadi ukutani. Katikati ya zile nyingi pana duara safi kabisa, pale bakuli lilipokuwa limekaa. Chembe ambayo ingefuata huwezi kusema ingeangukia wapi. Lakini bakuli lilipokuwa unapajua, na vilivyokujulisha ni viwili: wingi unaopungua kwenda nje, na usafi wa katikati.

Rossmo aliviingiza vyote viwili. Mhalifu haendi mbali sana, kwa kuwa safari ni gharama na mitaa asiyoijua inamtia hofu. Vilevile haibi mlangoni pake, kwa kuwa hapo kila mtu anamjua kwa jina la baba yake. Basi ramani inagawanywa vimraba vidogo vidogo. Unakichukua kimraba kimoja, unajiuliza: kama angekuwa anaishi hapa, kila tukio lingekuwa umbali gani? Tukio la karibu linakipa kimraba hicho alama nyingi, la mbali chache, na la karibu mno alama zinaanza kushuka tena. Unajumlisha. Unahamia kimraba kinachofuata, unarudia, hadi ramani nzima imalizike. Kisha vimraba vyenye alama nyingi unavipaka rangi nyekundu.

Hapo fomula imemaliza kazi yake. Ilichokupa ni mpangilio wa wapi uanze kutafuta na wapi uende baadaye. Rossmo mwenyewe hupima mafanikio ya kazi hii kwa kuuliza ni sehemu gani ya eneo lote ingebidi ipekuliwe kabla ya kufika nyumbani kwa mhusika. Kadiri sehemu hiyo inavyokuwa ndogo ndivyo fomula ilivyofaulu. Eneo jekundu likiwa asilimia tano tu ya mji ni ushindi mkubwa. Lakini katika mji kama wetu asilimia tano ni mitaa mizima, yenye vyoo vya pamoja, vyumba vya kupanga na maelfu ya watu wanaolala humo kila usiku.

Kipindi chenyewe, kwa haki yake, kinaligusa hili. Eneo la kwanza analolichora Charlie halimtoi mtu, na anagundua kwamba alidhani kuna kitovu kimoja ilhali vilikuwa viwili, nyumbani na kazini. Napenda sana sehemu hiyo, kwa sababu ni nadra televisheni kumwacha mwanahisabati akosee, tena kosa lenyewe liwe katika dhana aliyoanza nayo na hesabu iwe salama. Mashine ilihesabu barabara kile ilichoambiwa. Aliyeiambia ndiye aliyekosea.

Feri ya Likoni haimo ndani ya fomula

Jumatano iliyofuata tulitandika ramani ya kisiwa juu ya meza ya maabara na yule binti akaja na wenzake saba. Tulichukua kunde tisa, kila moja ikiwa ni simu iliyonyakuliwa. Matukio yalikuwa ya kubuni, na nililisema hilo mapema ili mtu asirudi nyumbani na hadithi kuhusu mtaa wa mwenziwe. Kunde tatu tuliziweka kando ya bahari pale Mama Ngina, mbili Kizingo, mbili Ganjoni, moja karibu na Marikiti, moja Mwembe Tayari. Tukachora miraba, tukashika rula na kikokotoo, tukaanza kujumlisha. Ilichukua saa nzima na zaidi.

Rangi nyekundu ilipotokea, sehemu yake nzuri tu ilikuwa Likoni.

Kijana mmoja anayetoka Mtongwe, ambaye kila alfajiri huvuka kuja shule, aliweka kidole juu ya maji ya Kilindini. "Mwalimu, huyu ananyakua simu halafu anasimama foleni ya feri pamoja na mwenye simu?" Darasa lilinyamaza. Kwenye karatasi, kutoka Mama Ngina hadi ng'ambo ni sentimita chache. Mkondo wenyewe una upana wa kama nusu kilomita tu. Lakini mwizi hakimbii kwa sentimita. Kwenye feri ataingia katika umati ulio nyuma ya uzio, atasubiri, atavuka taratibu mbele ya macho ya watu mia kadhaa. Daraja la Nyali na barabara ya Makupa nazo ni shingo za chupa. Kisiwa chetu kina milango ya kuhesabika.

Fomula ya Rossmo hupima umbali kwa kufuata barabara zilizonyooka na kukatana kama kitambaa cha mirabamiraba, jumla ya mwendo wa mashariki–magharibi na wa kaskazini–kusini. Katika miji mingi ya Amerika Kaskazini kipimo hicho kinafaa, kwa kuwa ndivyo miji ilivyopangwa. Mji wa Kale haukupangwa hivyo. Pale mtu wa miguu anapita mahali gari halipiti, na nyumba mbili zinazopeana mgongo zinaweza kuwa mbali sana kwa asiyejua kichochoro kinachoziunganisha.

Tukafuta, tukaanza upya, safari hii kwa dakika badala ya sentimita. Kijana wa Mtongwe ndiye aliyetupa dakika za feri, za siku ya kawaida na za siku mbaya. Ile nyekundu iliondoka ng'ambo, ikatambaa kisiwani kuelekea kaskazini, na kwa masikitiko ya yule binti ikapanuka. Alitarajia kwamba kwa kuiingiza elimu zaidi eneo lingepungua. Nilimwonyesha kwamba lile dogo la mwanzo lilikuwa na kosa ndani yake, na hili kubwa linasema ukweli zaidi. Ni somo gumu hata kwa watu wazima.

Bado zimebaki dhana ambazo tamthilia hazitamki kabisa. Kwamba matukio yote ni ya mtu mmoja. Kwamba ana makao yasiyobadilika. Kwamba hutoka nyumbani na kurudi, wala si mtu wa kupanda matatu kutoka mbali kuja kuiba mahali asipoishi. Dhana moja ikianguka, eneo jekundu linakuwa doa la rangi tu. Tena mwaka 2004 ulichapishwa utafiti ambamo watu wa kawaida walifundishwa kanuni moja nyepesi, kwamba wahalifu wengi hukaa karibu na wanakotenda, kisha wakashindanishwa na modeli ya kompyuta. Walikaribiana nayo. Kutokana na hapo wataalamu wamebishana sana kuhusu ni lini mashine inalipa gharama yake. Huo ni ubishi halali, na hauipunguzii heshima fikra ya Rossmo.

Tukio lililochangia kipindi hicho cha kwanza lilitokea Lafayette, jimbo la Louisiana, ambako mbakaji mmoja alivamia wanawake kwa miaka. Rossmo aliitwa, akachora eneo lake, na wapelelezi wakapanga washukiwa wao kwa kulifuata. Jina lakini lilikuja kwa njia nyingine: mtu asiyejitambulisha aliwadokeza, na aliyemtaja alikuwa afisa wa idara ya sherifu ya hukohuko. Kikulacho ki nguoni mwako. Anwani yake ya wakati ule haikuwa ndani ya eneo jekundu. Anwani aliyokuwa akiishi wakati wa matukio ilikuwemo. DNA iliyopatikana kwenye kichungi cha sigara aliyoivuta ndiyo iliyomfunga. Ramani, mdokezi na maabara, kila kimoja kilifanya kazi yake. Ukiondoa kimoja hakuna kesi.

Kanzu na kofia

Tuiache ramani sasa, tuingie mahakamani, maana huko ndiko swali la "wengine ni wangapi" linapofunga na kufungua watu.

Mwaka 1964, katika sehemu ya San Pedro mjini Los Angeles, bibi mmoja mzee alisukumwa akaanguka na kuporwa mkoba. Mashahidi walisema aliyepora ni mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu alizozifunga kisogoni, na alikimbilia gari la manjano lililoendeshwa na mwanamume mweusi mwenye ndevu na masharubu. Polisi walipata mume na mke wanaofanana na maelezo hayo. Ushahidi wa kuwatambua ulikuwa dhaifu, basi mwendesha mashtaka akamleta mwalimu wa hisabati wa chuo kueleza kanuni ya kuzidisha uwezekano. Kisha yeye mwenyewe akatoa tarakimu: gari la manjano, 1 kati ya 10; mwanamume mwenye masharubu, 1 kati ya 4; mwanamke aliyefunga nywele namna ile, 1 kati ya 10; nywele za dhahabu, 1 kati ya 3; mwanamume mweusi mwenye ndevu, 1 kati ya 10; wawili wa rangi tofauti ndani ya gari moja, 1 kati ya 1,000. Zidisha zote upate 1 kati ya 12,000,000. Jopo la raia likawatia hatiani.

Mume, Malcolm Collins, alikata rufaa, na mwaka 1968 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la California ikaifuta hukumu. Namshauri kila mwalimu wa hisabati aisome hukumu hiyo na wanafunzi wake. Jambo la kwanza majaji walilolisema ni kwamba zile tarakimu hazikupimwa popote. La pili ni kwamba huwezi kuzidisha mambo yanayoandamana.

Hili la pili twende nalo Mji wa Kale siku ya Ijumaa adhuhuri. Tuseme mwanamume mmoja kati ya wawili wanaopita amevaa kanzu, na mmoja kati ya wawili amevaa kofia. Kanuni ya kuzidisha itakuambia kwamba mwenye vyote viwili ni mmoja kati ya wanne. Simama uhesabu. Utakuta ni karibu mmoja kati ya wawili, kwa sababu aliyevaa kanzu ndiye huyohuyo aliyevaa kofia. Ndevu na masharubu ni hivyohivyo: wengi wenye ndevu wana masharubu pia. Ukizidisha vitu vinavyotembea pamoja, unamtengeneza mtu adimu ambaye kwa kweli amejaa barabarani.

Jambo la tatu ndilo zito. Hata tukikubali ile 1 kati ya milioni 12, inajibu swali la "watu kama hawa ni adimu kiasi gani?" Haijibu swali la "hawa waliosimama kizimbani ndio wenyewe?" Mahakama ilifanya hesabu katika kiambatisho cha hukumu yake. Ikiwa katika eneo lile kuna mamilioni ya jozi za mwanamume na mwanamke, na tayari tunajua ipo angalau jozi moja inayolingana na maelezo, basi uwezekano wa kuwepo jozi nyingine kama hiyo ulikuwa kama asilimia 41. Karibu nusu! Adimu haina maana ya pekee.

Nikiwaelezea wanafunzi wangu natumia watu wetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Tuseme maabara ina kipimo ambacho kinalingana na mtu mmoja tu kati ya laki moja, na mshukiwa amelingana nacho. Kwenye tamthilia muziki unapanda na pingu zinatoka. Hebu gawanya: katika kaunti hii wapo watu wapatao 12 wanaolingana na kipimo hicho. Kama hakuna jambo jingine lolote linalomuunganisha mshukiwa na tukio, nafasi ya kuwa ndiye ni kama moja kati ya kumi na mbili. Atakayesimama na kusema "uwezekano kwamba huyu hana hatia ni mmoja kati ya laki moja" amegeuza sentensi kichwa chini, na watu kumi na mmoja wasio na kosa wamemezwa ndani ya mgeuzo huo. Kama lakini simu yake ilikuwa eneo la tukio, na mali iliyoibwa ilipatikana kwake, wale kumi na mmoja wanapukutika mmoja mmoja na kipimo kinakuwa na nguvu kweli.

Uingereza walilipa kosa hili kwa maisha ya mtu. Sally Clark, mwanasheria, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1999 baada ya watoto wake wawili wachanga kufa kwa nyakati tofauti. Daktari wa watoto Roy Meadow aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya namna hiyo katika familia kama yake ni 1 kati ya milioni 73. Tarakimu hiyo ilipatikana kwa kuzidisha 8,543 kwa 8,543, kana kwamba watoto wa tumbo moja, damu moja na nyumba moja hawana kinachowaunganisha. Ni kanzu na kofia ileile, ila hapa ilimwangukia mama aliyefiwa. Chama cha wanatakwimu cha Uingereza kiliandika waziwazi mwaka 2001 kwamba hesabu hiyo haina msingi. Aliachiliwa Januari 2003, hasa baada ya kugundulika kwamba matokeo fulani ya maabara hayakuwahi kufikishwa kwa upande wa utetezi. Alifariki mwaka 2007.

Kenya hatuna majopo ya raia. Anayeamua ni hakimu au jaji. Lakini barabarani tunalo jopo letu, na linaamua kwa sekunde. Mtu anapiga ukelele wa "mwizi!", anasema fulana nyekundu, bodaboda, kimo cha kawaida. Kila kijana wa fulana nyekundu aliyeketi juu ya pikipiki kuanzia Buxton hadi Sabasaba ameshapata hatia. Ninapofundisha uwezekano, nyuso za vijana hao ndizo ninazoziona, kwa kuwa wengine ni wanafunzi wangu.

Yanayopita haraka

Kuna ile sehemu ambayo kila mtazamaji anaijua: picha ya kamera ya usalama ina ukungu, mkubwa anaamuru "ikuze", na nambari ya gari inajitokeza safi. Hisabati ya jambo hili ni fupi. Nambari zetu zina herufi na tarakimu saba. Ikiwa kwenye picha kibao kizima kimechukua pikseli (zile nukta zinazoijenga picha) kumi na mbili kwa upana, kila herufi imepata pikseli zisizotimia mbili. Nambari nyingi mno zingetoa ukungu uleule. Ukiikuza, kompyuta haina pa kuitoa habari ambayo kamera haikuinasa. Programu za kisasa zitakuchorea nambari iliyo safi, lakini zimeichagua zenyewe kati ya nyingi zinazolingana. Njia halali ipo: ukiwa na picha nyingi za gari hilohilo likisogea, kila moja ina kipande kidogo tofauti, na ukizipanga pamoja unaweza kupata zaidi. Hiyo ni kazi ya saa na siku, na mara nyingine inaishia kwenye "hatuwezi kusema".

Kipindi kingine cha Numb3rs kina watekaji wanaomteka mtoto wa mwanahisabati ili wapate kazi yake juu ya dhana ya Riemann na kufungua kufuli za kompyuta. Dhana hiyo ni ya mwaka 1859, inahusu jinsi namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, zilivyotawanyika, na tangu mwaka 2000 taasisi ya Clay imeweka dola milioni moja kwa atakayeithibitisha. Kufuli nyingi za intaneti nazo zinategemea namba tasa: ni rahisi kuzidisha mbili kubwa, ni vigumu mno kulichambua zao lake lirudi kuwa zile mbili. Kusikia hivyo mtu anadhani uthibitisho ni ufunguo. Sivyo. Wanahisabati wengi tayari wanaiamini dhana hiyo na kufanya kazi kana kwamba ni kweli, na aliyetaka kuitumia kuvunja kufuli angeweza kuidhania tu bila kungoja uthibitisho. Benki ziko salama.

Kinyume chake ipo hesabu inayonasa wezi wa kweli na ambayo kamera haiipendi, kwa kuwa shujaa wake ni mkaguzi aliyeketi na vitabu vya duka. Simon Newcomb aliigusia mwaka 1881, Frank Benford akaichunguza mwaka 1938: katika mafungu mengi ya takwimu za kawaida, tarakimu ya kwanza ni 1 kwa asilimia 30 hivi, na ni 9 kwa asilimia 4.6 tu. Sababu yake unaweza kuiona kwenye akiba inayokua. Weka shilingi 1,000 ziongezeke kwa asilimia kumi kila mwezi. Zitakaa zaidi ya miezi saba zikianza na 1 kabla ya kufika 2,000. Zikifika 9,000, mwezi mmoja na kidogo zimeshaivuka 10,000. Anayebuni risiti kichwani hajui hili, huzitawanya tarakimu kwa usawa, na mkaguzi anaona. Ila usiipeleke kwenye nauli za matatu au alama za mtihani, maana huko tarakimu zimebanwa na hazina nafasi ya kukua. Na hata inapofaa, inamwambia mkaguzi tu ni rundo gani alifungue kwanza.

Fomula ya Rossmo nayo imepata kazi nyingine nje ya polisi. Mwaka 1854, kipindupindu kilipowaua watu wa Soho, London, daktari John Snow alionyesha kwa ramani ya vifo kwamba chanzo ni pampu ya Mtaa wa Broad. Watafiti wa leo wamechukua vifo vilevile, wakavipitisha ndani ya fomula ya kuwatafutia wahalifu, na wakaipata pampu ileile. Wameijaribu pia kwa malaria mjini Cairo, wakitafuta madimbwi ya mbu kutokana na makazi ya wagonjwa. Kazi hii inaifaa zaidi kuliko kuwawinda watu. Dimbwi halihami nyumba, haliendi kazini Nyali, na ukikosea ukamwaga dawa kwenye dimbwi lisilo na mbu hakuna aliyelala rumande.

Yule binti nilimweleza haya wiki iliyopita. Aliuliza kama dengi nayo inahesabika hivyo, kwa kuwa nyumbani kwao wawili waliugua mwaka jana, na kama mapipa ya maji ya mvua yangekuwa ndio kitovu. Ramani imekunjwa juu ya kabati la maabara, kunde zimo kwenye kopo pembeni yake. Kijana wa Mtongwe anasema safari hii feri tusiiweke, kwani mbu haendi mbali na pipa lake.